Shajara ya mradi: kubadilisha paa la kukunja la Mazda MX-5 nyumbani

9 Februari: hali ya paa la zamani, na uamuzi

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, kile kilichozinduliwa mwaka 1989 na kuundwa hadi 1997. Paa lake ni la vinaili, na dirisha la nyuma ni plastiki laini iliyoshonewa zipu. Plastiki hiyo imekuwa ya manjano kiasi kwamba usiku taa za gari la nyuma huonekana kama ukungu. Vinaili nayo imechanika nyuma ya milango, mahali ambapo mapaa mengi ya aina hii huanza kuchanika, kwa kuwa hapo ndipo inapokunjwa na kusuguliwa na fremu kila paa linaposhushwa. Zulia la nyuma ya kiti cha kushoto lina unyevu hata baada ya siku kadhaa bila mvua.

Unyevu huo ndio ulioamua namna kazi hii itakavyopangwa. Maelekezo yanayouzwa pamoja na paa yanaeleza kitambaa kwa kina, lakini yanapita haraka mno juu ya maji. Paa la gari hili halikukusudiwa kuzuia kila tone. Limekusudiwa kuyaongoza maji. Yale yanayoteremka kwenye ukingo wa nyuma, kati ya kitambaa na bodi, huangukia kwenye mfereji wa plastiki ulioungwa chini ya paa, yakaenda hadi pembe mbili zilizo nyuma ya milango, yakaingia kwenye mirija iliyofichwa ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele ya magurudumu ya nyuma. Mfereji ukipasuka au mrija ukiziba, maji huishia kwenye zulia na ndani ya vizingiti vya milango, na huko huacha kutu ambayo haionekani mpaka iwe imetoboa bati. Paa jipya juu ya mrija ulioziba ni fedha iliyotupwa.

Nimechagua vinaili tena, si turubai la nguo, ingawa turubai hupendeza zaidi na halisinyai sana kwenye mikunjo. Vinaili hufutwa kwa maji na sabuni na bei yake ni nafuu, na hilo linatosha kwa gari linaloegeshwa nje. Badiliko moja nililolifanya ni dirisha: nimenunua paa lenye dirisha la kioo, la mtindo uliokuja na kizazi cha pili mwaka 1998, ambalo hukaa kwenye fremu ya kizazi cha kwanza. Kioo hakiwi cha manjano, na hakihitaji kufunguliwa zipu kabla ya kushusha paa. Ubaya wake ni kwamba hakinyumbuki, kwa hiyo paa lisipokaa katikati sawasawa, kioo hulitangaza kosa hilo kwa kila anayepita nyuma ya gari. Nyaya za kupasha kioo joto sitaziunganisha kwa sasa.

Pamoja na paa nimeagiza mfereji mpya wa plastiki. Wapo wanaoutumia tena ule wa zamani ili kupunguza gharama. Sishauri hivyo, kwa sababu plastiki ya umri huo hupasuka mara tu inapokunjwa wakati wa kuitoa, na kuubadilisha baadaye ni kurudia karibu kazi yote.

15 Februari: jaribio la mirija kabla ya kugusa chochote

Nilimimina lita moja ya maji katika kila pembe ya mfereji na kuweka beseni chini ya gari. Upande wa kulia maji yalitoka mara moja na karibu yote yakaingia kwenye beseni. Upande wa kushoto yalidondoka kidogo, yakakoma, kisha yakaanza kujitokeza ndani, nyuma ya kiti.

Jaribio la kwanza la kuzibua lilikuwa kwa waya mgumu, na halikufaa: waya uligonga kona ya mrija na kukataa kupita, na kuusukuma kwa nguvu kungeweza kuuchomoa mrija kutoka mahali ulipokaa chini. Kwa sababu hiyohiyo sikutumia pampu ya upepo, ingawa ndiyo njia ambayo watu wengi huikimbilia. Upepo mkali ukikuta mrija umeziba huutenganisha kwenye maungio, na maji yote yatakayofuata yatamwagikia ndani ya bodi bila mwenye gari kujua. Kilichofaa ni uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi, ambao ncha yake niliichoma kidogo ili iwe mviringo isikwaruze. Uzi ulipita kona kwa kuuzungusha polepole. Yalitoka matope meusi yaliyochanganyika na majani yaliyooza, na nikaendelea kumimina maji ya uvuguvugu hadi yakatoka safi. Lita moja iliyomiminwa baada ya hapo ilifika kwenye beseni bila kusita.

Zulia liliondolewa lote upande huo. Sifongo iliyo chini yake ndiyo inayohifadhi maji, na hukauka polepole kuliko mtu anavyodhani. Iachwe nje ya gari hadi kazi ya paa itakapomalizika.

22 Februari: kujaribu gundi

Paa jipya lilipofika nililitandaza sakafuni ili mikunjo ya sandukuni ilegee, kisha nikakata vipande vya vinaili kutoka kwenye ncha za ziada kwa ajili ya kupima gundi. Nilikuwa na aina mbili: gundi ya kupuliza ya matumizi ya jumla, na gundi ya kupaka kwa brashi iliyotengenezwa kwa ajili ya vinaili ya magari. Kila aina niliitumia kubandika kipande kwenye bati lililopakwa rangi, nikaning'iniza uzito mdogo kwenye kila kipande, na kuyaacha mabati hayo juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani.

Gundi ya kupuliza ilianza kuteleza siku ya kwanza, na kipande kilishuka chini kikiacha uzi mrefu wa gundi laini. Ile ya brashi haikusogea. Joto ni sababu moja tu. Vinaili huwa laini kwa sababu ina mafuta ya kulainisha ndani yake, na mafuta hayo huhama taratibu na kuingia kwenye gundi. Gundi isiyoundwa kuyahimili hulainika mwezi baada ya mwezi hata kama ilishika vizuri siku ya kwanza. Anayeweka turubai la nguo hana tatizo hilo kwa kiwango kile, lakini anayeweka vinaili asome kibandiko cha kopo kabla ya kulipa.

1 Machi: kuvua paa la zamani

Sehemu ya kawaida ya kazi ilikwenda kwa mpangilio unaojulikana: kuinua zulia la rafu ya nyuma kwa kutoa klipu zake, kulegeza vifuniko vya pembeni, kufungua nati za 10 mm zinazoshika pao tatu za chuma kwenye ukingo wa nyuma, kisha bolti tatu kubwa za kila upande zinazoshika fremu. Kabla ya kufungua bolti hizo nilichora mstari wa kalamu kuzizunguka, ili fremu irudi palepale ilipokuwa. Fremu huinuliwa na watu wawili. Si nzito sana, lakini hujikunja yenyewe na kubana vidole.

Niliamua kuitoa fremu nzima badala ya kuvua kitambaa gari likiwa pale pale. Njia zote mbili hufanya kazi. Hata hivyo kuinama ndani ya gari dogo kwa saa nyingi huku drili ikiwa juu ya viti si jambo la kupendekeza, na mezani mtu huona ribiti zote, yaani pini za chuma zinazobana kitambaa kwenye fremu.

Tatizo lilikuwa kwenye nati za ukingo wa nyuma. Hizo hukaa kwenye bolti zilizochomelewa kwenye bodi, na kwa kuwa mfereji uliopasuka ulikuwa umezilowesha kwa miaka, mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Nilikuwa nimezipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia siku hiyo. Moja ililegea kwa kuzungushwa kidogo kulegeza, kidogo kukaza, kwa kurudiarudia. Nyingine ilikatika pamoja na bolti yake. Suluhisho halikuhitaji kuchomelea: nilisaga kisiki kikawa sawa na bati, nikatoboa tundu hapo hapo, nikapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu, na kupitisha bolti mpya kutoka chini ikiwa na washa pana na ufito wa silikoni chini ya kichwa chake. Rangi iachwe ikauke kabisa kabla ya silikoni, la sivyo huchubuka.

Nati hizi pia hupenda kudondoka ndani ya matundu ya bodi. Kipande kidogo cha karatasi kikibanwa kati ya nati na soketi, nati haidondoki. Sumaku ya kuokotea iwe karibu hata hivyo.

2 Machi: ribiti

Kitambaa cha zamani hakikutupwa. Kilivuliwa polepole kikiwa na alama za chaki zinazoonyesha mahali kila ukingo ulipokutana na fremu, kwa sababu paa jipya halina kumbukumbu yoyote ya gari hili na lile la zamani ndilo ramani pekee iliyopo. Kipimo muhimu kuliko vyote ni umbali kutoka kwenye mshono wa mbele hadi ukingo wa upinde wa mbele (ufito wa fremu unaokutana na kioo cha mbele), upande wa kushoto, katikati na kulia.

Kuondoa ribiti ni kazi inayoonekana rahisi hadi ile ya kwanza inapoanza kuzunguka pamoja na biti ya drili. Ikizunguka haikatiki, na fundi akibonyeza kwa nguvu zaidi, tundu la fremu hupanuka. Nilijaribu kuzishika kwa koleo lenye ncha nyembamba, na ilifaa kwa zile zilizo wazi tu. Kwa zilizobaki, kilichosaidia ni kusaga kichwa cha ribiti kwa jiwe dogo la kusagia hadi kikawa chembamba, kisha kukikwangua kwa patasi na kusukuma mwili wa ribiti utokee upande wa pili. Tundu moja kwenye upinde wa mbele lilikuwa tayari limepanuka, inaelekea kutoka kwenye matengenezo ya zamani kabla gari halijanifikia, kwa hiyo hapo niliweka ribiti nene zaidi yenye washa nyuma yake. Pima kila tundu kabla ya kununua. Ribiti za 3.2, 4.0 na 4.8 mm hupatikana kwa urahisi, na kuchanganya ukubwa kwenye fremu moja si jambo geni.

Fremu ikiwa tupu ndio wakati wa kukagua kanda za nguo zinazodumisha nafasi kati ya pinde. Zikiwa zimelegea, pinde hukaa mbele au nyuma kuliko inavyotakiwa, na kitambaa kipya hulaumiwa kwa kosa la kanda. Zangu nilizibadilisha, nikikata mpya kwa urefu uliopimwa kwenye maelekezo, si kwa urefu wa zile zilizovutika. Viungo vya fremu vilisafishwa na kutiwa mafuta kidogo tu, kwani mafuta yanayochuruzika huharibu vinaili.

8 Machi: kuvalisha fremu

Siku hii ilichaguliwa kwa sababu ya joto lake. Vinaili iliyo chini ya nyuzi 20 za Selsiasi huwa ngumu na hudanganya: huonekana fupi, mtu huivuta, halafu jua linapotoka hulegea na kukunjamana. Paa lilitandazwa juani hadi likawa laini mkononi.

Mfereji mpya uliungwa kwanza kwenye ukingo wa chini wa paa, kwa kuanzia tundu la katikati na kwenda pembeni pande zote mbili. Kisha upinde wa nyuma, halafu kebo mbili za pembeni, ambazo hupita kwenye mfuko mwembamba ulioshonwa juu ya mstari wa madirisha na kuvutwa na springi upande wa nyuma. Kebo hizo ni nyembamba na ni rahisi kuzipuuza, ila ndizo zinazozuia kitambaa kisipeperuke mbali na mpira wa dirisha gari likienda kasi. Kebo moja ilikuwa na nyuzi zilizokatika karibu na ncha, ilibadilishwa.

Vipande vya pembeni, nyuma ya milango, hubandikwa kwa gundi kwenye fremu. Gundi ya aina hii hupakwa pande zote mbili na kuachwa hadi iguswe bila kunata kidoleni, ndipo pande zikutanishwe, na zikishakutana hazisogezwi tena. Nilizuia makosa kwa kuweka karatasi ya nta katikati, kulinganisha alama, kisha kuvuta karatasi kidogo kidogo huku nikibonyeza kuanzia juu kushuka chini. Msaidizi ni wa lazima hapa.

9 Machi: fremu ndani ya gari, na mikunjo

Fremu ilirudi kwenye mistari ya kalamu bila ubishi. Ukingo wa nyuma ulikaa kwenye bolti zake na pao zikafungwa kwa mkono tu, bila kukazwa. Makomeo ya mbele yana ndoano zinazoweza kurekebishwa, nami nilizilegeza hadi mwisho, kwa maana paa jipya halifiki kwenye fremu ya kioo cha mbele kwa urefu wa kawaida wa ndoano.

Upinde wa mbele ulishikiliwa kwa vibanio, bila gundi wala ribiti, na paa likafungwa. Hapo ukajitokeza mkunjo mrefu wa mshazari kutoka pembe ya kushoto ya dirisha la kioo kupanda hadi juu ya mlango. Jaribio la kwanza lilikuwa kuvuta kitambaa zaidi kwa mbele upande huohuo. Mkunjo ukawa mkali zaidi.

Hapa ndipo inapofaa kueleza jinsi mikunjo inavyosomwa, kwa kuwa sikuikuta imeandikwa katika maelekezo. Mkunjo hulala kwenye mwelekeo wa mvuto: mstari wake unaonyesha mahali ambapo kitambaa kinavutwa mno, na kulegea kuko kwenye pande zake. Kuuvuta kwa kufuata urefu wake ni kuuongezea nguvu; dawa ni kupunguza mvuto huo, au kuvuta kwa kuukata njia. Nililegeza pao ya kushoto ya nyuma na kukuta kwamba kitambaa kilikuwa kimekaa juu ya bega la bolti mpya, ile iliyochukua nafasi ya iliyokatika, ambayo washa yake ilikuwa nene kidogo kuliko wenzake. Bolti ilitolewa, ikawekewa washa nyembamba, kitambaa kikashuka kwa milimita chache, na mkunjo ukapotea karibu wote bila kuguswa mbele kabisa. Mikunjo midogo ya sandukuni niliiacha; jua huimaliza.

15 Machi: upinde wa mbele

Paa liliachwa limefungwa kwa vibanio juma zima ili lijinyooshe kabla ya kubandikwa, na nilipolipima tena, alama ya katikati ilikuwa imesogea mbele. Anayebandika siku ileile hupata paa linalolegea baadaye, na sehemu hii ya mbele haina nafasi ya kusahihishwa baada ya gundi kukauka.

Kwa ndani, mstari wa chaki ulichorwa kwenye kitambaa kwa kufuata ukingo wa upinde paa likiwa limefungwa. Kisha makomeo yalifunguliwa, paa likainuliwa kiasi cha kiganja, gundi ikapakwa, na kitambaa kikakunjwa juu ya ukingo kikipita mstari huo kwa milimita 4. Jaribio la awali la milimita 10, lililofanywa kwa vibanio, lilifanya makomeo yasifunge hata kwa watu wawili. Baada ya hapo bamba la chuma na mpira wa mbele vilirudishwa kwa ribiti mpya, na ndoano zikakazwa hadi makomeo yakafunga kwa nguvu ya mkono mmoja. Nati za ukingo wa nyuma zilikazwa mwisho, kuanzia katikati.

22 Machi: maji tena

Mpira wa maji wenye kasi haufai kwa kupima, kwa sababu hupenyeza maji mahali ambapo mvua haiwezi kufika. Nilitumia kopo la kunyunyizia bustani, nikianzia chini ya ukingo wa nyuma na kupanda juu hatua kwa hatua, huku msaidizi akiwa ndani na taa. Mipira ya madirisha ilipakwa unga wa poda ili njia ya maji ionekane kama mstari.

Nyuma palikuwa pakavu, na lita moja iliyomiminwa kwenye mfereji mpya ilitoka chini ya gari pande zote mbili. Kulivuja mahali pamoja, kwenye pembe ya juu ya mbele ya dirisha la kushoto. Kipande cha karatasi kilichobanwa kati ya kioo na mpira hapo kilichomoka bila kukinza, ilhali kwingineko kilishikwa. Mpira wenyewe ulikuwa mzima. Reli inayoushika ina matundu marefu ya skrubu, nayo ilisogezwa kuelekea kwenye kioo hadi karatasi ikashikwa. Silikoni isitumike mahali hapa. Huficha kosa la marekebisho na kuchafua mpira kwa kudumu.

19 Aprili: baada ya mwezi, na gharama

Paa lilishushwa kwa mara ya kwanza wiki tatu baada ya kubandikwa, siku ya jua. Mkunjo wa mshazari haujarudi. Nati za nyuma zilipokaguliwa, kadhaa zilikuwa zimelegea kidogo kwa sababu vinaili hupungua unene inapobanwa, na zimekazwa tena.

Kwa upande wa fedha, paa lenyewe lilichukua karibu theluthi mbili ya gharama yote, na mfereji mpya pamoja na kebo na kanda vikachukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Gundi, ribiti, rangi na silikoni havikufika hata sehemu moja kati ya kumi. Mashine ya kubana ribiti niliazima. Mipira ya madirisha haikununuliwa, na hapo ndipo bajeti ya mtu mwingine inaweza kupanda ghafla, kwa kuwa seti yake kamili huweza kukaribia bei ya paa. Ikaguliwe kabla ya kuagiza chochote.

Sifongo ya zulia imekauka na imerudishwa. Yamebaki mawili: kuunganisha nyaya za kupasha kioo joto, na sauti ya upepo upande wa kulia kwenye mwendo wa barabara kuu, ambayo nadhani ni kioo cha mlango kinachopanda juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Kizuizi chake cha ndani kitarekebishwa kifuniko cha mlango kitakapofunguliwa.